Alisema Tusimsubiri

Tangu nirudi, kila anayefika kwangu hapa Mkolani hunipa pole ya safari, hunywa chai mpaka chupa inakwisha, halafu anauliza lile lile: ilikuwaje yule Mfaransa akatukataa? Wengine mnauliza kwa upole. Wengine, na mnajijua, mnauliza kana kwamba nimemficha chini ya kitanda. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika mara moja, anayetaka asome, na chai ajitegemee.

Mwisho mnaujua. Meli yetu, ile ambayo abiria wa visiwani waliibatiza Mama Mkubwa, imefungwa kamba gatini na makorongo wanakaa juu ya bomba lake. Sisi tuliokuwa tukiiendesha, kuanzia kapteni hadi mimi karani wa abiria, tumeambiwa twende nyumbani tukasubiri kuitwa. Kila mtu mzima anajua maana ya kusubiri kuitwa siku hizi. Kwa hiyo sitaongeza chumvi ili kuwafurahisha, maana hakuna cha kufurahisha.

Kwa wale ambao hamkumwona, Bwana Vosel alikuwa mkubwa wa kampuni moja ya Ufaransa ya usafiri na utalii. Serikali ilikuwa ikitafuta mtu wa kuichukua meli yetu, kama inavyotafuta mtu wa kuchukua kila kitu, na katika wote walioitwa ni yeye peke yake aliyekuja kwa miguu yake. Mimi nilipangiwa kufuatana naye kwa sababu ya Kifaransa changu, nilichokipata miaka michache ya utotoni Bujumbura, baba alipokuwa fundi cherehani kule. Akikubali, meli ingepata injini mpya na sisi tungebaki kazini. Akikataa, basi. Hakukuwa na mwingine nyuma yake.

Gatini Mwanza

Nilitegemea mtu wa kitambi na miwani ya jua. Akaja mzee mwembamba, mwenye nywele fupi nyeupe na viatu vilivyotiwa soli mara nyingi. Alikagua meli, akagusa ngazi, akanusa chumba cha injini, akauliza vyoo viko wapi. Kisha akasema hataki kuonyeshwa meli ikiwa imesimama. Anataka kuzunguka kwa barabara mpaka Musoma, avuke kwenda Ukerewe, halafu arudi Mwanza na Mama Mkubwa kutoka Nansio, bandari ya kule kisiwani, pamoja na abiria wa kawaida, kwenye safari ya kawaida ya asubuhi.

"Na mwambie kapteni," akaniambia, "nikichelewa Nansio, aondoke. Msinisubiri."

Nilitafsiri neno kwa neno. Kapteni Bwire, mnamjua, Mjita mwenzangu, akaweka mkono kifuani na kucheka kwa heshima.

"Mwambie nimesikia."

Sikuupenda ule mcheko. Nikarudia, safari hii kwa ukali kidogo: Kapteni, huyu mtu amesema msimsubiri na anamaanisha.

"Dada Tabitha," akasema, "mimi nimelelewa."

"Kulelewa weka pembeni. Hii ni kazi."

"Sawa, dada. Sawa kabisa."

Bwana Vosel akauliza tumekubaliana nini. Nikamwambia kapteni amesema sawa kabisa. Akafurahi, akampa mkono, na tukaachana hivyo.

Magu

Tuliondoka kwa Landrova ya kukodi, mali ya mfanyabiashara wa Kihindi ambaye ukoo wake umeuza vipuri Mwanza tangu enzi za babu. Vipuri vilikuwa dukani, kwenye gari havikuwemo. Dereva wetu Masanja, Msukuma mwenye maneno mengi, alikuwa akimsimulia mgeni habari za ng'ombe wa baba yake wakati mkanda wa feni ulipokatika, kidogo tu kabla ya Magu. Akashuka, akafungua boneti, akautazama ule mvuke kwa muda mrefu.

"Pole, bosi. Gari limechoka tu. Litapumzika."

Akaenda mjini kwa baiskeli ya kuazima kutafuta mkanda, akatuacha kwa mama ntilie mmoja mbele ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, na lango lake lilikuwa limeota magugu. Lakini ukutani pale, kwenye kivuli, walikaa wanaume kama kumi hivi, wote wamevaa ovaroli za bluu, zimefuliwa na kupigwa pasi.

Walipomwona Bwana Vosel, mmoja akasimama. Kisha wote wakasimama, wakafunga vifungo, wakavaa kofia. Wakavuka barabara kwa pamoja, na mkubwa wao, mtu wa mvi, akatoa shikamoo kwa mgeni ambaye huenda alikuwa mdogo kwake.

"Tupo, bosi," akasema. "Mashine tumezitunza. Kila wiki tunazipaka grisi kwa kupitia dirishani."

Ilinibidi mimi niwaambie kwamba si yeye, kwamba huyu ni wa meli, wa pamba sijui atakuja lini. Yule mzee akasema, "Aa, samahani sana, tumewasumbua." Wakarudi ukutani wakakaa. Hakuna aliyevua kofia, labda kwa sababu mzungu alikuwa bado anaonekana na huenda angebadili mawazo.

Bwana Vosel aliacha chapati yake nusu. Akauliza wamengoja kwa muda gani. Nikasema hata wao hawahesabu tena. Na nadhani ni ovaroli zile zilizomfungua mdomo, maana tangu asubuhi alikuwa hajasema lolote juu yake mwenyewe.

Alianza kazi kwa kuosha mabasi, kwenye mji mdogo wa milimani kwao. Aliyemwajiri akaona anaamka mapema, akampa filimbi. Kazi yake ikawa kuruhusu mabasi yaondoke. Watu walimlilia, walimtukana, walimletea jibini na mvinyo ili angoje kidogo tu shangazi afike. Saa ikitimia anapuliza. Alichukiwa mwaka mzima, na baada ya hapo mji mzima ukawa unafika kituoni mapema. Kutoka filimbi akawa mkuu wa kituo, kisha mkuu wa mabasi ya watalii wanaokwenda kuteleza kwenye theluji, kisha meli za kupeleka watu visiwani, kisha hoteli, mpaka akapewa ofisi ya juu sana ambako hakusikia tena mlio wa injini.

"Mtalii hanunui ziwa," akaniambia. "Ziwa Mungu ametoa bure. Mtalii ananunua uhakika kwamba atarudi hotelini kabla ya chakula. Na mwanamke anayepeleka nyanya sokoni ananunua kitu hicho hicho. Kazi yangu ni moja tu, kwa wote wawili."

Halafu kampuni ikanunuliwa na watu wa fedha, ambao hawakujua basi lina magurudumu mangapi. Wakamwona amezeeka. Wakamnyang'anya mabasi, kisha meli, kisha hoteli, wakamwachia meza na ramani ya Afrika. Safari hii aliiomba mwenyewe.

"Nikipata meli moja tu inayoondoka kwa wakati wake," akasema, "nitakuwa sijaishi bure."

Nilimwonea huruma, nisiwadanganye. Nilidhani sisi ndio tuliokuwa tunazama na yeye yuko pwani ameshika kamba. Kumbe wote tulikuwa majini.

Musoma

Mkanda ulipatikana, haukuwa saizi, Masanja akaulazimisha. Tuliingia Musoma jua linazama. Hotelini Bwana Vosel akaagiza samaki. Mhudumu akasema kuna kuku. Akauliza, na ziwa hili lililo mbele yangu? Mhudumu akamweleza kwa adabu kwamba sangara wote wanakwenda viwandani, wanakatwa minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya.

"Basi nimekula samaki wenu nyumbani," akasema Bwana Vosel, "na hapa nakula kuku."

Asubuhi akataka kuona soko. Huko mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, ulikuwa na harufu ya mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki viwandani, vinavyokaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Akaelekeza kidole kwa mama mmoja aliyekuwa na foleni ya wateja, akataka kuonja. Yule mama akashika kiuno.

"Mgeni hauziwi mifupa," akasema. "Nisubirini hapa."

Akaacha moto, akaacha karai, akaacha wateja wake wote na mabakuli yao mkononi, akaondoka mbio kwenda kutafuta sato kwa jirani. Hakurudi upesi. Bwana Vosel alikuwa anawatazama wale wateja zaidi kuliko alivyotazama ziwa.

"Hawaondoki?" akaniuliza.

"Wanasubiri."

"Hakuna aliyekasirika?"

"Wakasirike nini? Kuna mgeni."

Mama akarudi na sato mbichi, akamkaanga kwa chumvi na ndimu, akamweka mbele ya Mfaransa kwa mikono miwili. Wateja wakamwangalia akila, wakatabasamu kila alipomeza. Samaki yule alikuwa mtamu mno. Lakini Bwana Vosel alikula taratibu kama mtu anayekunywa dawa.

Kibara

Mpango ulikuwa tulale Nansio siku ile ili asubuhi tuwe gatini kabla ya meli kuondoka. Tulipofika Kisorya, mahali pa kuvukia kwenda Ukerewe, tukakuta pantoni iko ng'ambo na katikati ni shamba. Siwezi kuliita ziwa. Magugu maji yalikuwa yamejaa kutoka ufukoni hadi mbali, kijani kibichi na maua ya zambarau, yanapumua juu na chini. Wavuvi walikuwa wanayakata kwa panga kutafuta njia ya mitumbwi yao, na wanapokata hapa pale nyuma panajifunga.

"Upepo ukigeuka yatasogea," mmoja akatuambia. "Labda kesho."

Tukarudi Kibara, kwa mjomba wangu, kaka wa mama. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini na mzungu. Alimkalisha kwenye kiti chake, akatuma watu ziwani. Na pale, chini ya karabai, nilimweleza Bwana Vosel hofu yangu kwamba tutaikosa meli.

Alicheka kweli kweli, uso wote.

"Madame Tabitha, hujaelewa. Nataka kuikosa! Kesho nikifika Nansio nikakuta gati tupu, nitasaini siku ile ile. Injini nitaleta. Watu nitawabakisha wote. Nikikuta gati tupu, nitajua kuna watu hapa ninaoweza kufanya nao kazi."

Ndugu zangu, mnaelewa nilivyojisikia? Wokovu wetu wote ulikuwa tusimkute Mama Mkubwa. Mtu hajawahi kuomba achelewe meli kama nilivyoomba mimi.

Sikuishia kuomba. Misheni ya pale ina simu ya upepo. Nikaenda kumsihi padre aite Nansio, na ujumbe niliutamka mwenyewe, taratibu, ili hata wa kuandika asikosee: Mgeni amekwama Kibara. Anasema ondokeni kwa wakati wenu. Msisubiri. Narudia, msisubiri. Kutoka ng'ambo sauti ikajibu kwamba wamepokea, na kwamba wanashukuru sana.

Nililala vizuri usiku ule. Ndio usiku wa mwisho niliolala vizuri.

Kisorya hadi Rugezi

Upepo uligeuka alfajiri. Lakini mjomba hakuwa mtu wa kuruhusu mgeni avuke ziwa na tumbo tupu. Kulikuwa na ugali wa muhogo, dagaa wa nazi ya kununua dukani, kambare wa kukausha, na kuku ambaye alikuwa bado anakimbia wakati tunaamka. Nilikaa kitako. Kwa mara ya kwanza maishani sikumharakisha mjomba. Bwana Vosel akaongezewa ugali mara tatu na mara zote akala, akinikonyeza.

"Kuleni polepole," mjomba akasema. "Pantoni haina miguu ya kukimbilia."

Pantoni ilipofika ilikuwa imebeba ng'ombe ambao hawakutaka kushuka. Nikawashukuru ng'ombe. Katikati ya maji injini ikanyonya magugu, ikazima, fundi akazama kuyatoa kwa mikono. Nikamshukuru Mungu. Masanja alinitazama kana kwamba nimerogwa.

"Mama, mbona unacheka? Meli si imeshatuacha?"

"Imeshatuacha, Masanja. Tayari imeshatuacha."

Tulishuka Rugezi, upande wa Ukerewe, jua likiwa limepanda juu kabisa. Saa ya meli kuondoka ilikuwa imepita zamani, asubuhi. Bwana Vosel alianza kuniuliza habari za mishahara yetu, nyumba zetu, kama kapteni ana mrithi. Alitoa kalamu mfukoni akaifuta kwa leso. Alisema atawaandikia watu wa fedha barua fupi sana. Nilianza kuwaza nitakavyowaambia. Niliziona kabisa sura zenu.

Halafu barabara ikapanda kidogo kati ya mashamba ya mihogo, na kule chini, juu ya mabati ya Nansio, nikaona moshi mweusi. Nikajiambia ni wa kiwanda cha mbao. Masanja ndiye aliyesema.

"Mungu mkubwa! Mama, ile pale! Haijaondoka!"

Alipiga honi kwa furaha mpaka tunafika.

Nansio

Gati lote lilikuwa limejaa. Walipoiona Landrova wakapiga vigelegele. Kwaya ya kanisa, ambayo ilikuwa inasafiri kwenda kuimba Mwanza, ikaanza kuimba pale pale. Abiria walikuwa wamesimama sitahani wamejipanga, wenye matenga ya nyanya zilizokuwa zinatoka maji kwa jua, wenye watoto wanaolia, wenye kuku waliofungwa miguu. Kapteni Bwire alisimama juu ya ngazi na sare nyeupe, iliyonyooshwa, jasho linamtiririka.

Nilishuka kabla gari halijasimama.

"Kapteni! Hamkupata ujumbe?"

"Tumepata, dada! Tumepata vizuri!" Uso wake ulikuwa unang'aa. "Watu walikuwa wameanza kusema pengine hatakuja. Nikawasomea ule ujumbe wa jana usiku: jamani, mgeni anasema tusimsubiri. Maana yake yuko njiani!"

"Nilisema ondokeni."

"Ndiyo. Alivyo mstaarabu, angesemaje?"

Nilijua amesema kweli. Mama yangu akienda kisimani husema kuleni msinisubiri, na ole wake mtoto atakayekutwa anatafuna. Bosi hutwambia anzeni kikao bila mimi, na nani amewahi kuanza? Mtu mwenye adabu husema msinisubiri. Mwenye adabu zaidi humsubiri. Hivyo ndivyo tunavyojua nani anamheshimu nani. Meli nzima ilikaa juani tangu asubuhi ikimheshimu Bwana Vosel kwa nguvu zake zote, kwa sababu walijua yeye ndiye wa kuiokoa.

Yeye alibaki amesimama karibu na gari. Kalamu alikuwa ameirudisha mfukoni. Akapanda ngazi, akampa kapteni mkono, akasema asante. Nilipotafsiri watu wakapiga makofi.

Hapo ndipo alipoona jeneza. Lilikuwa sitahani, limefunikwa shuka jeupe, na akina mama wameketi kuzunguka wakilipepea kwa khanga.

Majini

Hakukaa daraja la kwanza walikomtandikia kitambaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, akasimama mbele ya mzee aliyekuwa ameketi upande wa kichwa. Huyo alikuwa Mzee Bulugu, Msukuma wa Sengerema. Marehemu ni mwanawe, mwalimu aliyekuwa akifundisha Ukerewe. Walikuwa wanampeleka nyumbani akazikwe. Nikampa shikamoo na pole, naye akaitikia marahaba bila kuinua sauti.

"Muulize mazishi ni lini," akasema Bwana Vosel.

"Leo," akajibu mzee. "Kaburi wamechimba jana. Watu wamekaa."

Kutoka Mwanza walikuwa bado wavuke kwa kivuko cha Sengerema, na kivuko hakifanyi kazi usiku. Kila mtu melini aliweza kupiga hesabu hiyo.

"Muulize kwa nini hakumwambia kapteni aondoke."

Niliona aibu kuuliza, lakini nikauliza. Mzee Bulugu akamtazama mgeni kwa mshangao, tena kwa upole.

"Kapteni alikuja kwangu kwanza, akaniomba. Nikasema, mwanangu hana haraka tena. Mgeni ndiye mwenye safari. Na hii meli ikifa, wengine tutawaleta na nini?"

Bwana Vosel aliomba niseme tena maneno yale, yote, pole pole. Kisha akaenda peke yake kwenye ukingo, na nikamfuata, maana kazi yangu ilikuwa hiyo.

"Siwezi," akaniambia.

Nilimsihi, ndugu zangu. Mnaosema sikufungua mdomo mnikome. Nilimwambia watu hawa wamekusubiri kwa mapenzi. Nikamwambia ni kosa la siku moja, utawafundisha. Nikamwambia habari za watoto wetu. Nililia, na sioni haya kusema.

"Kapteni nikimwamuru ataondoka," akasema. "Injini naweza kununua. Lakini kule kwetu nilipopuliza filimbi, walionitukana ndio walionisaidia. Walikasirika, halafu wakawahi. Hapa maiti inaoza juani na baba yake ananishukuru. Nitafanya kazi na nani? Siwezi kununua abiria wanaokasirika."

"Basi baki, utufundishe kukasirika."

Alivua koti lake. "Mimi ni mzee, madame. Na sitaki niwe mtu aliyekuja kuwafundisha hilo."

Kwaya iliimba njia nzima.

Kivukoni

Tulifika Mwanza jua limeshuka. Vijana wa kwaya waliacha mizigo yao wakalibeba jeneza mabegani, na sisi wote tukafuata kwa haraka kwenda kivukoni. Bwana Vosel alikuwa mbele, karibu anakimbia, koti mkononi.

Kivuko kilikuwa ndiyo kwanza kinainua mlango wake. Kati yake na sisi hapakuwa na mita nyingi. Waliomo ndani walituona, waliona na jeneza. Nahodha wa kivuko, simjui ni nani, alikuwa mtu wa saa. Labda alikuwa mmoja tu katika ziwa lote, na ndiye tuliyekutana naye jioni hiyo.

Waombolezaji walisimama bila kelele. Aliyepiga kelele ni Bwana Vosel. Aliingia majini na viatu vyake, maji yakamfika magotini, akapunga koti, akapaza sauti kwa neno moja la Kiswahili alilokuwa amelisikia mno wiki ile.

"Subiri! Subiri! Subiri!"

Kivuko kikageuka, kikaenda.

Alitoka majini koti limelowa. Alitaka kukodi mitumbwi, mashua, chochote. Mzee Bulugu akakataa, akasema maiti havushwi kwa mtumbwi na mawimbi ya jioni, kesho si mbali. Wanawake wakatandika khanga juu ya mawe, jeneza likawekwa chini, na mzee akampungia mgeni mkono aje akae karibu naye. Akaja akakaa, suruali inachuruzika maji. Nami nikaona tumaini limerudi kifuani mwangu, tumaini la kijinga. Nikafikiri, sasa ameelewa, sasa ni mwenzetu.

"Mama," Mzee Bulugu akaniambia, "muulize mgeni. Meli itabaki?"

Nikatafsiri. Bwana Vosel akatazama maji.

"Mwambie hapana," akasema. "Mwambie sasa hivi, mimi nikiwa hapa. Nisiondoke nikamwacha anasubiri."

Nikamwambia. Mzee Bulugu akatikisa kichwa taratibu, akauchukua mkono wa Mfaransa kwa mikono yake yote miwili.

"Haya," akasema. "Mwambie tunashukuru amekaa na sisi. Mwambie karibu tena."

Nikatafsiri na hilo. Bwana Vosel akanigeukia, macho mekundu.

"Anasema kwa adabu tu," akauliza, "au kweli anataka nirudi?"

Nilitaka kumuuliza mzee, lakini alikuwa ameshageuka, anasogeza miguu yake ili jirani mmoja apate pa kukaa karibu na mwanawe. Nikamwambia Mfaransa sijui. Nimezaliwa kwenye ziwa hili, nimekula na watu hawa tangu nikiwa mtoto, na sikujua.